Saa za Kazi Zinazonyumbulika na Uchovu Uliokithiri: Hesabu ya Timu Ndogo

Katika mijadala ya siku hizi kuhusu kazi, utaratibu unaonyumbulika hutajwa kana kwamba ni dawa iliyokwisha kuthibitishwa ya uchovu. Mruhusu mfanyakazi achague saa ya kuanza na ya kumaliza, mruhusu afanyie kazi nyumbani siku mbili au tatu kwa wiki, na uchovu utapungua wenyewe. Kwa shirika lenye mamia ya watu, dai hilo lina ukweli wa kutosha. Kwa timu ya watu wanne, watano au wanane mambo huenda kwa namna nyingine, na si ajabu kukuta timu ambayo kila mmoja anajipangia saa zake na bado wote wamechoka. Wanaoliona hilo mara nyingi huhitimisha kwamba unyumbufu haufai, au kwamba watu hawajui kujisimamia. Mahitimisho yote mawili yanakosea pahali pamoja: unyumbufu hujibu swali la kazi ifanyike lini na wapi, ilhali uchovu uliokithiri, kwa sehemu kubwa, hutokana na kazi kuwa nyingi kiasi gani na nani mwenye kauli juu yake. Katika timu ndogo maswali haya mawili hufungamana kiasi kwamba huwezi kugusa moja bila kulitikisa lingine.

Uchovu unaozungumziwa

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika kliniki ya matibabu ya bure mjini New York, aliandika kuhusu wahudumu wenzake walioanza kazi kwa ari kubwa na baada ya muda wakaishiwa nguvu, wakawa wepesi wa hasira, na wakachoshwa na watu wale wale waliokuwa wamejitolea kuwasaidia. Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na Susan Jackson, walichapisha mwaka 1981 dodoso la kupima hali hiyo, na dodoso hilo ndilo lililotumika zaidi katika utafiti tangu wakati huo. Linaangalia pande tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kihisia hadi kuikejeli, na kuona kwamba unachokifanya hakina tija. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichukua ufafanuzi unaokaribiana sana na huo katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Hata hivyo, lilieleza wazi kwamba hili ni jambo linalohusu kazi, haliingii katika hesabu ya magonjwa, na kwamba chanzo chake ni msongo wa muda mrefu wa kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo.

Pande hizo tatu zina maana kwa yeyote anayesimamia watu, kwa sababu uchovu wa kawaida una upande mmoja tu. Mtu aliyekesha kumaliza ripoti, akalala mwisho wa wiki na kurudi Jumatatu akiwa na hamu ya kusikia wateja wamesemaje, alichoka na amepumzika. Yule anayelala vya kutosha lakini kila asubuhi anasita kufungua kompyuta, anayezungumzia kazi yake kwa dhihaka ambayo hakuwa nayo mwaka uliopita, na anayemaliza jambo gumu bila kuhisi chochote, huyo hahitaji usingizi tu. Hapa pana tahadhari ya kweli pia: huzuni inayomfuata mtu katika kila upande wa maisha yake, na si kazini pekee, inaweza kuwa sonona, na hiyo inamhitaji mtaalamu wa afya. Hakuna ratiba ya kazi, hata iwe nzuri namna gani, inayoweza kuiponya.

Baadaye Maslach na mwenzake Michael Leiter walitaja maeneo sita ya maisha ya kazini ambayo yakienda mrama huzaa uchovu huu: mzigo wa kazi, uwezo wa kuamua, malipo na kutambuliwa, uhusiano wa watu wanaofanya kazi pamoja, haki, na kuwiana kwa yale mtu anayoyathamini na yale kazi inayomtaka ayafanye. Ukiisoma orodha hiyo kwa makini utaona kwamba unyumbufu wa saa unagusa moja kwa moja eneo moja tu, la uwezo wa kuamua. Mzigo wa kazi unabaki ulivyokuwa. Uhusiano na haki vinaweza kunufaika au kuumia, kutegemea jinsi mpango ulivyosukwa, na katika timu ndogo huumia haraka kuliko wengi wanavyotarajia.

Unyumbufu unasaidia wapi

Eneo hilo moja, hata hivyo, si dogo. Mwaka 1979 Robert Karasek alionyesha kwamba kazi zinazowaumiza watu zaidi ni zile zinazodai mengi huku zikimnyima mfanyakazi kauli juu ya namna ya kuzifanya. Madai makubwa yakiambatana na uhuru wa kuamua yanaweza hata kumkuza mtu. Kumpa mtu mamlaka juu ya saa zake, basi, ni kumpa sehemu ya kauli hiyo: anayefikiri vizuri alfajiri anaianza kazi ngumu alfajiri, na mwenye mzazi mgonjwa anampeleka hospitali bila kutunga uongo.

Inafaa kukumbuka kwamba saa za kazi zinazonyumbulika hazikuanzishwa kwa ajili ya afya ya akili. Mwaka 1967 zilijaribiwa katika kampuni ya kutengeneza ndege huko Ottobrunn, karibu na Munich, Ujerumani, ambako tatizo lilikuwa msongamano wa watu na magari wakati wa kuingia na kutoka kazini. Suluhisho lilikuwa kuweka kipindi cha katikati ya siku ambacho kila mtu lazima awepo, na kuwaachia watu wachague kingo zake. Muundo huo wa zamani, wenye kitovu cha pamoja na kingo huru, bado ni msingi bora kwa timu ndogo kuliko mitindo mingi iliyokuja baadaye.

Ushahidi kuhusu kufanyia kazi nyumbani nao ni mzuri, ukisomwa pamoja na mazingira yake. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walifanya majaribio mawili katika kampuni kubwa ya usafiri ya China, Trip.com. Katika jaribio la karibuni, lililochapishwa mwaka 2024, wafanyakazi 1,612 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakaruhusiwa kubaki nyumbani siku mbili kwa wiki. Utendaji wao na kupandishwa vyeo havikutofautiana na vya wenzao, na idadi ya walioacha kazi ilipungua kwa theluthi moja. Katika jaribio la kwanza, lililoanza mwaka 2010, wahudumu wa simu walikaa nyumbani siku nne kwa wiki na utendaji wao ukapanda kwa asilimia 13, lakini walipopewa nafasi ya kuchagua upya, karibu nusu yao waliomba kurudi ofisini, na upweke ulikuwa miongoni mwa sababu kuu.

Matokeo hayo hunukuliwa sana, na kinachosahaulika ni kwamba yalitoka katika kampuni ya maelfu ya watu. Mhudumu mmoja wa simu asipokuwepo, simu inapokewa na mwingine, na mteja hajui lolote. Timu ya watu watano haina mwingine huyo.

Mmoja kati ya watano

Chukua timu ya watu watano yenye kazi inayotosha kuwajaza watu wanne kwa muda wote. Kwa wastani kila mmoja ana shughuli kwa asilimia 80 ya muda wake, na asilimia 20 inayobaki inaingia katika mambo yasiyotabirika: swali la ghafla, kosa la kurekebisha, mteja aliyebadilisha mawazo. Mmoja akipumzika siku moja, wanne waliobaki wanakuwa na kazi ya watu wanne, yaani asilimia 100. Wakikosekana wawili, watatu wanabeba kazi ya wanne, na hapo hakuna hesabu itakayowafikisha mwisho wa siku. Katika shirika la watu 100 lenye uwiano ule ule, kukosekana kwa mmoja kunapandisha mzigo wa wengine kutoka asilimia 80 hadi chini kidogo ya 81. Kwa ruhusa ile ile ya siku moja, shirika kubwa halishtuki, na timu ndogo imefika ukomo wake.

Ubaya wa kufika ukomo hauishii kwenye kujaa kwa siku. Hisabati ya foleni, katika mfano wake rahisi kabisa wenye mhudumu mmoja na kazi zinazoingia bila mpangilio, inaonyesha kwamba muda wa kungoja haupandi sawasawa na shughuli. Kama kazi moja kwa wastani inachukua saa moja, mhudumu mwenye shughuli kwa asilimia 80 ataziacha kazi zingoje wastani wa saa nne kabla hajazigusa. Akifikia asilimia 90, zinangoja saa tisa. Akifikia 95, ni saa 19. Kutoka 80 hadi 95 ameongezewa mzigo kwa chini ya moja ya tano, lakini kungoja kumeongezeka karibu mara tano. Ndiyo maana katika timu iliyojazwa pomoni kila kitu kinachelewa ingawa hakuna aliyekaa bure, na kila ujumbe unaoingia unaanza na kuuliza jambo fulani limefikia wapi. Kuulizwa huko nako ni kazi. Kiongozi anayejisifu kwamba watu wake hawana dakika ya kupoteza ameitengeneza foleni hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Mfano huo bado unaifanya hali ionekane nyepesi kuliko ilivyo, kwa sababu unachukulia kwamba mtu yeyote anaweza kushika kazi ya mwenzake. Katika timu ndogo watu wachache wamegawana mambo mengi: mmoja ndiye anayejua mahesabu, mmoja ndiye anayeuelewa mfumo wa kompyuta, mmoja ndiye ambaye mteja mkubwa anamwamini. Kwa hiyo hakuna foleni moja yenye wahudumu watano. Ziko foleni tano zenye mhudumu mmoja mmoja. Mwenye mahesabu akichukua siku yake ya mapumziko, kazi yake haigawanyiki kwa wanne. Inamngoja, na atakaporudi ataikuta imerundikana, au inamfuata kwenye simu yake akiwa hospitalini na mzazi wake. Siku ya mapumziko ya aina hiyo ipo kwenye kalenda tu.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa popote. Watu watano wana jozi 10 za watu wanaoweza kuhitajiana, watu wanane wana jozi 28. Watu wanapokuwa mahali pamoja kwa saa zile zile, sehemu kubwa ya kuulizana hufanyika bila kupangwa. Kila mtu akiwa na saa zake, kila jozi inalazimika kutafuta dirisha lake, na lisipopatikana mchana hutafutwa usiku.

Ujumbe wa saa tatu usiku

Ni saa tatu usiku. Mfanyakazi wa kwanza, ambaye alasiri aliondoka mapema kwa shughuli zake kama utaratibu unavyomruhusu, ameketi kumalizia saa zake. Anaandika katika kundi la timu: "Ukipata nafasi, angalia hili jedwali. Si haraka." Wa pili, ambaye ameanza kazi saa moja asubuhi na amekwisha kula chakula cha usiku, anausoma kwa sababu simu iko mkononi. Analifungua jedwali, anaona safu moja imekosewa, anairekebisha, anajibu. Wa tatu anaona wenzake wawili wako kazini, anahisi vibaya kukaa kimya, anaongeza maoni yake. Saa nne na nusu wote watatu wanaweka simu chini. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake na hakuna aliyevunja kanuni yoyote. Lakini siku ya kazi ya wa pili imeanza saa moja asubuhi na kwisha saa nne na nusu usiku, na hakuna mahali itakapoonekana hivyo.

Laura Giurge na Vanessa Bohns walilichunguza jambo hili katika tafiti walizochapisha mwaka 2021, wakaona kwamba mpokeaji wa ujumbe wa kazi nje ya saa za kazi hudhani mtumaji anataka jibu la haraka kuliko mtumaji mwenyewe anavyotaka. Dhana hiyo hupungua mtumaji akieleza waziwazi kwamba mpokeaji anaweza kujibu wakati wowote atakapoweza. Mwaka 2013 Melissa Mazmanian, Wanda Orlikowski na JoAnne Yates walikuwa wameeleza upande wa pili wa sarafu: wataalamu waliopewa barua pepe kwenye simu waliona wamepata uhuru zaidi, na kwa kuutumia uhuru huo wote kwa pamoja wakajikuta wamejengeana matarajio ya kupatikana kila mahali, kila saa. Kila mmoja alichagua kwa hiari yake, na jumla ya hiari zote ikawa shuruti.

Kinachopotea hapo ni ile hali ya akili kuachana na kazi kabisa kwa saa kadhaa, ambayo Sabine Sonnentag na watafiti wengine wameiona mara kwa mara kuwa ni sehemu muhimu ya kurejesha nguvu. Kukaa nyumbani huku ukisubiri ujumbe hakutoshi. Zaidi ya hayo, saa zilizotawanyika huficha wingi wake. WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) zilikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Mtu anayekaa ofisini saa 55 huonekana na wenzake, na pengine atasemeshwa. Anayezifikisha kwa vipande, asubuhi na usiku na Jumapili jioni, haonekani na yeyote, na pengine hata mwenyewe hajui.

Kutoka ruhusa ya mtu hadi makubaliano ya timu

Jaribio ninaloliona kuwa la manufaa zaidi kwa timu ndogo lilifanywa na Leslie Perlow wa Harvard, akiwa na Jessica Porter, katika kampuni ya ushauri ya Boston Consulting Group, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009. Washauri wa kampuni za aina hiyo wana sifa ya kufanya kazi usiku na mchana. Katika timu ya kwanza kila mshauri alitakiwa kuchukua siku moja nzima ya mapumziko katikati ya wiki. Katika timu zilizofuata, jioni moja kwa wiki bila kazi wala simu kuanzia saa 12. Muda huo ulipangwa mapema, ulijulikana na wote, na ulikuwa wa lazima hata kazi ikizidi. Baadhi ya washauri waliupinga mwanzoni, wakihofia kuonekana wavivu. Baada ya muda watu waliridhika zaidi na kazi zao, na timu zikajifunza kuzungumza kuhusu mzigo wao na kushikiana nafasi, kwa sababu zililazimika: mtu anapokuwa hayupo kila Jumatano bila kukosa, lazima mwenzake ajue kazi yake imefikia wapi kabla ya Jumanne jioni.

Somo la jaribio hilo linapingana kidogo na hisia za wengi. Tunadhani uhuru mkubwa zaidi ni kila mtu kuamua siku hadi siku. Kwa maoni yangu, katika timu ndogo kutabirika kuna thamani kuliko uhuru huo. Jioni moja ambayo una hakika nayo inapumzisha kuliko jioni tano ambazo huenda zikawa zako. Kinachonyumbulika kiwe mpango wa timu nzima, unaopitiwa upya kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu, badala ya ruhusa tano tofauti ambazo kila moja ilitolewa kwa wema na hakuna aliyezijumlisha.

Makubaliano ya namna hiyo huanza na kitovu cha siku, kwa mfano saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, ambapo kila mtu anapatikana na mikutano yote inafanyika humo. Yanaendelea na kasi ya kujibu, ambayo ni lazima isemwe kwa maneno. Timu inaweza kukubaliana kwamba jambo lisiloweza kungoja hupigiwa simu, ujumbe hujibiwa ndani ya saa za kazi za mpokeaji, na barua pepe ina muda hadi kesho yake. Kanuni hii ikishikwa, anayemalizia kazi usiku anaandika ujumbe wake na kuupangia utumwe saa mbili asubuhi, jambo ambalo programu nyingi za mawasiliano zinaliwezesha, na mwenzake analala.

Kisha yanakuja makabidhiano, ambayo timu nyingi huyaona kuwa makaratasi ya bure. Makabidhiano mazuri ni mafupi. "Ankara ya mteja imetumwa, tunasubiri athibitishe tarehe. Akiomba punguzo, mwambie nitamjibu nikirudi. Mkataba uko kwenye folda ya mwezi huu. Hakuna kingine kinachoweza kuharibika kabla ya Jumatatu." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa, kwa kuwa inamruhusu anayebaki kuacha kuhangaika na inamlazimisha anayeondoka kujiuliza kama ni kweli. Ili makabidhiano yawezekane, kila eneo la kazi linahitaji mtu wa pili. Hatakiwi kuwa bingwa wa eneo hilo. Inatosha aweze kulishikilia kwa siku mbili bila kuharibu kitu. Kumfundisha kunachukua muda, na muda huo unatoka katika ile asilimia 20. Timu isiyo na nafasi hiyo haiwezi kufundishana, na timu isiyofundishana haiwezi kupumzika.

Hapo tunafika kwenye mzigo wenyewe, na hapa ndipo mipango mingi inapokwepa. Hakuna ratiba itakayofanya kazi ya watu sita ifanywe na watano bila mtu kuumia. Ratiba itaamua tu nani aumie na saa ngapi. Njia ya kweli ni kuziweka kazi zote zinazoendelea mahali pamoja panapoonekana na wote, kukubaliana ni ngapi mtu mmoja anaweza kuwa nazo kwa wakati mmoja, na kila inapoingia mpya kusema ipi inatoka au inasogezwa mbele. Ni kazi ya kiongozi, kwa sababu ndiye anayeweza kumwambia mteja kwamba jibu litapatikana wiki ijayo. Ni rahisi kuliandika kuliko kulifanya, hasa kwa timu inayoishi kwa malipo ya mteja mmoja au wawili, na sidhani inafaa kujifanya kwamba kila timu ina nafasi ya kukataa kazi. Lakini hata pasipo nafasi ya kukataa, kwa kawaida ipo nafasi ya kuchagua mpangilio wake.

Haki inahitaji uangalizi wa pekee. Katika timu ya watu watano kila mtu anajua nani aliondoka saa tisa na nani alipokea simu ya saa 11. Mwenye watoto wadogo hupewa ruhusa bila maswali, na ni sawa; asiye na watoto hubaki akiziba pengo mara moja, mara mbili, kisha inakuwa desturi. Hatalalamika, kwa kuwa kulalamika dhidi ya watoto wa mwenzako ni jambo la aibu, ila ataanza kujitenga. Zamu za simu za jioni zikiandikwa na kuzungushwa kwa wote, suala zima linaondoka katika uwanja wa wema wa mtu na kuwa kanuni. Kiongozi naye ahesabiwe. Mara nyingi yeye ndiye anayeziba mapengo yote yaliyobaki, na ndiye anayeandika ujumbe akiwa likizoni, hivyo akawafundisha wengine likizo ni nini hasa.

Sheria haitarajiwi kuwasaidia sana watu hawa. Ufaransa ilianzisha haki ya kujitenga na mawasiliano ya kazi kuanzia Januari 2017, lakini wajibu wa kujadiliana kuhusu haki hiyo uliwekwa kwa kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea. Australia ilipoanzisha haki inayofanana na hiyo Agosti 2024, biashara zenye wafanyakazi chini ya 15 zilipewa mwaka mmoja zaidi. Uingereza, tangu Aprili 2024, inampa mfanyakazi haki ya kuomba utaratibu unaonyumbulika tangu siku ya kwanza kazini, ila ni haki ya kuomba, na mwajiri anaweza kukataa kwa sababu za kibiashara.

Jaribio la wiki ya siku nne lililofanyika Uingereza mwaka 2022, likihusisha kampuni 61 na wafanyakazi wapatao 2,900, linaonyesha tofauti kati ya kusogeza saa na kuzipunguza. Mshahara ulibaki kamili huku muda ukipunguzwa, na mwishoni asilimia 71 ya wafanyakazi walikuwa na uchovu mdogo kuliko walipoanza. Kampuni hizo zilijitolea zenyewe, kwa hiyo matokeo yasichukuliwe kuwa kipimo cha kila mahali. La kujifunza ni maandalizi: kabla ya kuanza zilipewa muda wa kupunguza mikutano na kazi zisizo na faida. Timu iliyobana siku tano za kazi ndani ya siku nne bila kuondoa kitu imehamisha tu tatizo kutoka Ijumaa hadi Alhamisi usiku.

Mtu akiwa tayari amechoka

Ushauri wa kwanza anaopewa aliyechoka ni kuchukua likizo. Likizo husaidia, lakini tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba nafuu yake huisha ndani ya wiki chache baada ya kurudi, na katika timu ndogo inaweza kuisha siku ya kwanza, mtu anapokuta rundo lililomngoja. Kabla hajaondoka, kwa hiyo, yeye na kiongozi wanapaswa kuamua kazi zipi zitaachwa kabisa, zipi zitahamia kwa mwingine moja kwa moja, na zipi zitangoja, na wateja wanaohusika wajulishwe mapema. Akirudi, aanze na sehemu ya mzigo, na saa zake zipangwe pamoja naye kwa sababu kauli aliyoikosa ni sehemu ya kilichomchosha.

Kumgundua mapema ni kugumu, kwani anayechoka katika timu ndogo hujitahidi kuficha ili asiwaangushe wenzake. Ukimuuliza kama yuko sawa, atasema yuko sawa. Dalili huonekana kwenye kazi: mtu makini anayeanza kukosea mambo madogo, mcheshi anayenyamaza mkutanoni, aliyekuwa na maoni juu ya kila jambo ambaye sasa anakubali lolote ili kikao kiishe. Swali linaloleta jibu la kweli zaidi ni hili: "Kama ungeweza kuacha kazi moja leo, ungeacha ipi?" Kila mtu ana jibu, na kwa kawaida hulitoa bila kufikiri sana. Likishatolewa, kiongozi aiondoe kazi hiyo wiki hiyo hiyo ikiwezekana. Isipowezekana, aseme kwa nini, ataje tarehe ambayo suala hilo litajadiliwa tena, na aiandike kwenye kalenda ya timu palipo na tarehe za wateja.